Katibu wa Kamati ya Barabara

Saa mbili asubuhi mwalo wa Mwigobero, pale Musoma mjini, ulikuwa umefurika. Mitumbwi imeshusha, wachuuzi wanapaza bei, akina mama wameinamia mabeseni. Nyangi, ndani ya gauni la kitenge cha manjano alilojishonea mwenyewe, alikuwa ameshamwona samaki mmoja tu aina ya ningu aliyebaki. Ningu siku hizi ni wa kubahatisha, na mama yake alikuwa amemtamani wiki nzima. Akamshika mkia. Mkono mwingine, mrefu, wenye saa kubwa, ukamshika kichwa.

"Dada, huyu nilishamwona."

"Macho hayanunui kitu hapa. Achia."

"Nikiachia utamkaanga. Ningu anachemshwa, na ndimu."

"Wewe ni nani wa kunifundisha kupika?"

"Mtoto wa Bukima. Sisi tumekulia ziwani." Kijana alicheka. Shati lake lilikuwa jeupe, mikono imekunjwa, lakini buti zilikuwa nyekundu kwa vumbi. "Haya, nakuachia. Ila nipe namba, nikupigie kuuliza kama umemchemsha."

Nyangi hakuwa mtu wa kugawa namba hovyo. Siku hiyo aligawa, na njia nzima kurudi nyumbani alijisema kwa ujinga huo huku akitabasamu peke yake.

Jumatatu akamkuta tena, na safari hii si kwenye samaki. Songambele ulikuwa mtaa uliojengeka wenyewe, nyumba imetazama huku, choo kimetazama kule, gari haliingii. Mwaka jana mama yake Nyangi, Bi Gaudensia, alibebwa kwenye kiti cha plastiki hadi lami, presha imempanda, watu wanapokezana miguu ya kiti. Tangu siku hiyo Nyangi hakulala mpaka wananchi wakaunda kamati na kwenda manispaa kuomba barabara. Manispaa ikakubali kwa sharti moja: kila mwenye kiwanja mstarini atoe kipande chake kwa hiari na atie saini. Akikataa mmoja, barabara imekufa. Kamati ikamchagua Nyangi kuwa katibu, kampuni ya upimaji ikapewa kazi, na mpima aliyeingia ofisi ya mtaa na ramani kwapani alikuwa yule yule mtoto wa Bukima. Aliitwa Evance.

"Ulimchemsha?" alinong'ona akimpa mkono.

"Nilimkaanga."

Ramani ilipofunguliwa, utani ukaisha. Mstari wa barabara ulikata katikati ya banda lake la kushonea, cherehani tatu, miaka sita ya kuinama. Watu wote wakamgeukia katibu. Nyangi akamfikiria mama yake kwenye kile kiti.

"Lianze la kwangu," alisema, akachukua kalamu na kutia saini ya kwanza.

Hapo ndipo mzee Mugeta, mgumu kuliko wote mtaani, alipotoa uzio wake. Dafroza muuza maandazi akatoa baraza lake. Kufikia jioni saini zote arobaini na moja zilikuwa zimetimia.

Simu ya Nyangi iliita hata hajavua viatu.

"Katibu, leo umenimaliza. Nilikuwa nakupenda kidogo kidogo, sasa nimepotea kabisa."

"Mpima gani anapotea?"

"Mpima aliyekuona leo."

Basi yakaanza. Asubuhi simu, mchana simu. Jumapili baada ya misa walikaa kwenye mawe makubwa ya ufukweni, Nyangi na viatu mkononi, Evance akimwonyesha upande wa kwao, akimwita mrembo wa cherehani. Nyangi alipenda mpaka akaanza kushona mikono kinyume. Mteja mmoja alirudisha gauni mara mbili.

Mwanzoni mwa mwezi Evance alimpigia akiwa Bunda.

"Nimehamishiwa Guta kidogo, mpenzi. Huko kwenu atamalizia mwenzangu, Miriamu."

"Ghafla hivyo? Nani kakuhamisha?"

"Nitakueleza nikirudi. Kuna jambo nataka nilipange vizuri kwanza."

Nyangi hakulipenda jibu hilo, lakini alimwamini.

Alhamisi ya wiki iliyofuata alishinda Bunda akipeleka sare za shule. Aliporudi jioni alisimama kwenye kona ya mtaa, begi likamshuka begani. Vigingi vyekundu vya wapima, vilivyoonyesha barabara itakapopita, vilikuwa vimehama. Havikuwa tena kwenye banda lake, vilikuwa mita nne pembeni, kwenye ule ukuta mnene wa minyaa. Banda lilikuwa limepona. Furaha ilimpanda, lakini haikudumu hata dakika, maana Dafroza alikuwa amesimama hapo, mikono kiunoni, na nyuma yake mzee Mugeta.

"Umejua kupenda, mwenzetu," Dafroza alisema. "Baraza langu linavunjwa, banda lako limeguswa na mapenzi likaruka."

"Dafroza, mimi nimetoka Bunda sasa hivi. Sijui chochote."

"Utajuaje na wewe ndiye unayelala na simu ya mpima?"

Mzee Mugeta hakutania. "Binti, mimi nilitoa uzio kwa sababu wewe ulitoa banda. Jumamosi kwenye mkutano nafuta saini yangu."

Nyangi akampigia mwenyekiti wa mtaa, mzee Abraham. Alikuwa ameondoka mchana huo huo kwenda msibani Butiama, na simu yake haikupatikana. Akabaki na namba moja tu, akaipiga.

"Evance, umenifanyia nini?"

"Nimefanya nini tena, mrembo?"

"Usiniite mrembo. Vigingi vimehama kwangu. Nilikuomba? Watu wanasema nimewauza. Mama yangu akipanda presha tena nani atambeba, na wote wananichukia?"

"Nyangi, sikiliza, mimi sijagusa hivyo vigingi. Hata kazi yenyewe niliiacha kwa sababu ya—"

"Niliwahi kukuomba unipendelee?"

"Hapana, lakini—"

"Basi tumeishia hapa." Akakata, akaizuia namba, akalia mpaka mama yake akaja kukaa naye kitandani bila kuuliza.

Jumamosi uwanja wa ofisi ya mtaa ulijaa. Nyangi alikuja amevaa gauni la bluu na kilemba, macho yamevimba, daftari la muhtasari mkononi. Mzee Abraham, aliyetua asubuhi hiyo kutoka msibani, alikuwa hajamaliza hata kusalimia watu, katibu akasimama.

"Mwenyekiti, naomba vigingi virudi vilipokuwa. Banda langu livunjwe. Sikuomba kuachwa, na sitaki kuachwa peke yangu."

Akasimama Miriamu, mpima mpya, dada mfupi mwenye kofia ya jua.

"Vigingi nimehamisha mimi, na mwenyekiti alikuwepo. Ile minyaa mliyoizoea si uzio mmoja. Ni mistari miwili iliyoota ikashikana. Mimi kwetu Nyamuswa, kwetu ng'ombe, nikaingia ndani yake na panga nikakuta njia. Ng'ombe walikuwaga wanapitishwa hapo kwenda kunywa ziwani, ili wasiingie mashamba ya watu. Njia ya wote, haina mwenyewe. Mwenzangu Evance, mtoto wa wavuvi, aliiona kwenye picha ya angani akadhani ni mpaka."

"Ni kweli," alisema mwenyekiti. "Nilitaka niwaambie leo."

"Na inaendelea mpaka kwa mama muuza maandazi," Miriamu akaongeza. "Jumatatu nahamisha vigingi vya kwake pia. Na vya mzee Mugeta."

Dafroza alishika kichwa. Mzee Mugeta alikohoa, akauliza kwa ukali uleule, "Kama ni hivyo, yule kijana alikimbia nini?"

"Sijakimbia, mzee."

Watu wakageuka. Evance alikuwa anashuka kwenye bodaboda, vumbi la njia ya Guta limemjaa hadi kope. Nyangi alitazama chini.

"Kwenye kazi yetu, mpima mwenye maslahi yake kwenye kiwanja anatakiwa aandike na kujitoa," Evance alisema. "Niliandika. Nakala mwenyekiti anayo."

Mzee Abraham akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mikutano. "Tarehe mbili. Naomba kuondolewa kwenye kazi ya Songambele, kwa kuwa nina nia ya kumuoa katibu wa kamati, ambaye banda lake liko kwenye mstari. Sitaki mtu aseme barabara ilipindishwa kwa ajili yangu, wala yeye avunjiwe heshima aliyoipata kwa watu wake."

Tarehe mbili. Siku kumi kabla kigingi chochote hakijahama. Nyangi aliketi.

"Ofisi nzima walijua kabla yangu?" aliuliza, sauti ndogo.

"Nilikuwa nasubiri baba mdogo atoke Bukima, aje kwa mama yako kwa heshima," Evance alisema. "Halafu ukanizuia namba, ikabidi nije mwenyewe. Nisamehe kwa kukaa kimya."

"Na wewe nisamehe. Hata sikukusikiliza."

"Huyu mvuvi ng'ombe wa mahari atawatoa wapi?" mzee Mugeta aliuliza, na uwanja mzima ukacheka, Bi Gaudensia kuliko wote.

"Tutulie," alisema mwenyekiti. "Hili limetajwa mkutanoni, lazima liingie kwenye muhtasari. Katibu, andika. Na uandike jibu."

Nyangi alifuta macho kwa ncha ya kilemba, akafungua daftari, akaandika polepole. Dafroza hakungoja, akainama begani kwake na kuwasomea watu:

"Ndugu Evance ameomba kumuoa katibu. Katibu amekubali. Utekelezaji uanze mara moja."