Siku Ambazo Salwa Hakuandika

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti, Salwa alifagia uwanja, akaosha vyombo vya chai, na ilipotimia saa nne akaketi barazani na daftari lake. Saa hiyo aliichagua mwenyewe na kuiandika kwa wino mwekundu kwenye jalada. Mwalimu Caroline, aliyewafundisha Kiswahili katika Gredi ya Sita, alikuwa ameagiza kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kwa siku hadi shule ifunguliwe. Baada ya kuyasoma madaftari, angechagua wawili wa kuiwakilisha shule katika mashindano ya uandishi kule Msambweni. Salwa aliitaka nafasi ile kuliko nguo ya sikukuu.

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Zilikuwa siku za maji mafu, ambapo bahari ya Kibuyuni haipwi vya kutosha na wakulima wa mwani hubaki nyumbani. Salwa aliandika juu ya paka wao mwizi, juu ya harusi ya jirani, juu ya mvua iliyolowesha mwani uliokwisha kukauka. Kisha bamvu likaingia. Maji yakapwa mbali, na saa nne ikamkuta Salwa baharini pamoja na mama yake, Bimkubwa, maji yakiwa magotini, wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Kesho yake maji yalichelewa kidogo kupwa, siku iliyofuata yakachelewa zaidi. Waliporudi, mwani ulingoja kuanikwa, na vidole vya Salwa vilikuwa vimechubuka kwa chumvi na kamba.

Kila siku alijiambia kwamba saa nne imekwisha kupita, basi ataanza kesho. Hata bamvu lilipokwisha, daftari lilibaki limefungwa, kwa kuwa mazoea yalikuwa yamekatika. Kila akiliona, aliligeuzia mgongo. Mama alipouliza kama ameandika, alijibiwa kwa mkato.

"Nitaandika saa ngapi, Mama, na kutwa niko majini?"

Bimkubwa alisema kwamba mwani haujawahi kumngoja yeye saa nne, na bado kazi yake huimaliza. Salwa alidhani anasimangwa, akaingia chumbani na kuubamiza mlango.

Mchana wa mwisho wa likizo alilifungua daftari, akaona kurasa tupu nyingi kuliko zilizoandikwa. Alichukua kalamu, akazijaza zote kwa mfululizo. "Leo saa nne tulishuka pwani kufunga mwani," ndivyo kila ukurasa ulivyoanza. Hapa aliweka kamba iliyokatika, pale mama aliyechomwa na miiba ya bahari. Sentensi zilikuwa nzuri, naye alijua kwamba ni nzuri.

Jioni alikuja Nusra, binti wa mama yake mdogo, aliyesoma naye darasa moja. Walikuwa wameahidiana kusomeana kabla ya kupeleka madaftari. Nusra alisoma kimya, kisha akaanza kucheka.

"Wewe Salwa, Jumatano hii mlikwenda majini na nani? Na papa?"

"Na Mama."

"Maji mafu yale, saa nne? Basi mlizamia. Na mbona mamako siku hiyo alikuwa kwetu kutwa, anampaka dada hina?"

Salwa alimnyang'anya daftari. Alisema kwamba Mwalimu Caroline ni mtu wa Kikoneni, kwao wanalima mahindi, hayajui maji haya.

"Mimi ninayajua," Nusra alisema. "Na akiusoma ukurasa huu mbele ya darasa, nusu yao watayajua. Ule wa paka ndio mzuri. Yule paka yupo."

Salwa alilifunga daftari kwa kishindo. Alikasirika zaidi kwa kuwa alijua Nusra amesema kweli.

Asubuhi, kabla ya kengele, alipiga mstari mkubwa juu ya kila ukurasa wa kubuni, akaenda ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Kurasa hizi nilizopiga mstari ni za uongo. Niliziandika jana zote."

Mwalimu Caroline aliitikia salamu, akazipitia bila haraka. Aliuliza ni nini kilichomzuia kuandika, na Salwa akaeleza habari za saa nne na jinsi maji yanavyohama kila siku.

"Kwa hiyo kazi ilikuwa ikihama, na kalamu umeifunga mahali pamoja," mwalimu alisema. "Kwa daftari hili siwezi kukuchagua. Lakini wawili wa mashindano nitawataja mwisho wa mwezi. Mpaka wakati huo, nataka kuliona kila Ijumaa."

Kuanzia siku hiyo Salwa aliandika mara tu kazi ya siku ilipokwisha, iwe saa yoyote. Nusra alipita mlangoni kila jioni kuudai ukurasa, akikosoa kuliko kusifu. Siku ambazo Salwa alinuna, Bimkubwa alimpokonya sufuria na kumwambia aandike kwanza, kwani vyombo havina miguu. Kurasa nyingine zilikuwa mbaya. Jumamosi moja ya bamvu aliambulia mistari mitatu, nayo ilimuudhi, lakini hakuifuta.

Mwisho wa mwezi Mwalimu Caroline alimtaja mwanafunzi mwenzao, Tsuma, kisha Salwa. Nusra alimnong'oneza kwamba sasa miguu yake mwenyewe itapumzika na safari za kila jioni. Mvulana mmoja nyuma akalalamika kwamba Salwa aliruka nusu ya likizo.

"Ni kweli, aliruka," mwalimu alisema. "Siku hizo zimepotea, na hakuna awezaye kuziandika leo bila kudanganya. Alilifahamu hilo, akaja kulisema, kisha akaandika kila siku iliyofuata, zikiwemo siku mbaya. Kuandika hujengwa hivyo: ukikosa, unakiri, na ya leo unaiandika leo, hata kama ni mistari mitatu. Wenye watu wa kuwakumbusha, wasikilizeni, hata wakiwaudhi. Haya, fungueni madaftari."