Sauti Iliyompigia Mama

Pikipiki ya Yamaha ililala kwenye kona hadi goti la Nyigu likakwaruza lami.

Mbele yake lori jeupe la Isuzu lilikimbilia mpakani. Ndani ya lori mna friji mpya, na ndani ya friji mna bunduki. Likivuka, kilio chake kitafika kwa mama wengi.

"Nyigu, umeliona?" Mkuu wake aliuliza redioni.

"Nalinusa moshi."

"Usiliache."

Nyigu lilikuwa jina la kazi, na kazi haikumwachia jina jingine. Mume hana, shoga hana. Ana mama tu, na huyo mama hajamtia machoni tangu mvua za mwaka juzi.

Simu ikalia ndani ya helmeti.

"Wee mdudu, geuza pikipiki." Alikuwa Glavu, mwenye mzigo, mtu asiyeacha alama ya kidole popote. "Niko nje kwa mama yako. Anavaa viatu aje kwenye gari langu."

"Mama hamfungulii mtu asiyemjua."

"Umemwambia wewe afungue. Sikiliza."

Akaisikia sauti yake mwenyewe, laini kama mafuta: "Mamaangu, nimekutumia gari. Nenda nao, usiogope."



Alijua ilikotoka. Ofisi ilikuwa na akili bandia iliyofunzwa sauti za majasusi, ipige simu makwao kila asubuhi, ili jamaa zao wasishtuke wakipotea kazini. Nyigu alikubali upesi, tena kwa furaha. Sasa Glavu ameidukua.

Akampigia mama, mwendo ni uleule.

"Mama, usifungue mlango!"

"Wewe nani?"

"Mimi mwanao!"

"Mwanangu nimetoka kusema naye sasa hivi. Tena ana adabu zake, hapayuki kama mnadi mitumba."

"Mama, yule ni mashine!"

"Koma! Matapeli nyie habari zenu tunazo."

Nyuma ya sauti ya mama mlango uligongwa. Hodi. Hodi tena.

"Haya," mama akasema, "kama ni wewe, mguu wangu unaouma ni upi?"

 

"Sijui, mama."

"Na daktari kaniambiaje?"

"Sijui."

Mama akashusha pumzi, kama mtu anayetua ndoo.

"Basi ni wewe. Yule anajua yote."

Komeo likalia. Kiti kikaburutwa hadi mlangoni.

"Mkuu, kikosi kwa mama yangu. Haraka!"

"Na lori?"

"Niachie mimi."

Bastola ya Glock ikatoka kiunoni. Tairi la nyuma likapasuka, la pili likafuata. Lori likapepesuka kama mlevi, likalala ubavu mtaroni. Friji zikamwagika, milango wazi, mitutu nje. Dereva akatambaa kutoka dirishani, akanyoosha mikono kabla hajaambiwa.

Nyigu alikuwa amekwisha kumfunga pingu redio ilipokoroma.

"Glavu tunaye. Mama yako mzima. Anawafokea askari wangu wavue viatu."

Nyigu akapiga simu tena.

"Mama, ile mashine naizima leo."

"Uizime? Na kesho asubuhi nitasema na nani?"

"Nitapiga mimi."

Mama akacheka kidogo. Laiti angekasirika.

"Utapiga, mwanangu. Utapiga leo na kesho, halafu utaitwa kazini. Iache. Itengenezeeni kufuli nzuri tu, wezi wasiingie tena."

"Lakini si mimi yule, mama."

"Najua. Kwani mimi mtoto? Lakini yule huniuliza nimeamkaje, akanisubiri nimalize."

Askari walifika, wakaanza kukusanya zile bunduki. Mmoja akampigia saluti, akamwuliza kama ameumia.

"Hata," Nyigu akasema.

Akafuta vumbi kwenye kioo cha helmeti, akawasha Yamaha, akaondoka pole pole. Hakugeuka nyuma.