Maiti wa Igombe

— Filamu ikiisha sijaona ulichoniitia, unachukua pete yako.

Kemilembe alisema bila kumtazama Masele. Banda la video la Kirumba lilijaa mpaka mlangoni, mabati yanachoma kama kikaango, naye kakaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

— Vumilia, Kemi. Bado kidogo.

— Siku ile ya kujitambulisha, baba alivaa suti toka asubuhi. Ndizi zikapoa. Ukatuma ujumbe kwamba unaumwa. Halafu naletewa hiki!

Akamsogezea simu usoni. Ujumbe wa rafiki yake Brightness: "Shoga, mgonjwa wako nimemwona huku Igombe. Kalala mapajani mwa mwanamke, anapapaswa kichwa. Fumbua macho."

— Ni kweli?

— Kulala nililala, lakini...

— Basi!

— Tazama mbele. Nikieleza kwa mdomo hutaniamini.

Kwenye skrini kauboi alikuwa akimfukuza jambazi. Farasi hakuna, kwa hiyo kapanda dume la ng'ombe, nalo likasimama kula nyasi hadi jambazi naye akasimama kulisubiri. Bastola zinalia "pyu! pyu!" kwa mdomo wa mtu. Mara mzimu ukachomoza nyuma ya jabali, umepakwa unga wa muhogo, miguuni yeboyebo.

— Mzimu, angalia usiteleze! mtu akapaza sauti.

Banda likaangua kicheko. Kemilembe hakucheka. Alikuwa anaizungusha pete kidoleni, inaanza kutoka.

Mzimu ukamkaba kauboi mwingine, akaanguka chali. Mjane akaja mbio, akampakata mapajani, akampapasa kichwa:

— Mume wangu, umeniachia nani?

Kofia ya marehemu ikadondoka, uso ukaonekana. Kemilembe akasimama.

— Masele?

Inzi akatua puani mwa marehemu. Marehemu akampiga kofi. Mjane hata hakuacha kulia. Watu walicheka mpaka kuku wa mtaa wa pili wakaahirisha kutaga.

— Ndiyo ugonjwa wangu, Masele akanong'ona. Waliniambia tungemaliza mapema. Dume likagoma kukimbia.

Kemilembe akamvuta mkono hadi nje.

— Kwa hiyo hukuwa na mwanamke. Ulikuwa maiti.

— Ndiyo.

— Afadhali ungekuwa na mwanamke! Ningemwambia baba wewe mhuni, yakaisha. Wewe umemdanganya mzee wa kanisa, Masele!

— Niliogopa. Anasema waigizaji ni wavivu.

— Mpigie. Sasa hivi. Ukiongeza chumvi hata punje, naondoka.

Simu ikaita. Sauti nzito ya Mzee Kashaija, baba yake Kemilembe, ikapokea.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Umepona?

Masele akaitazama pete.

— Sikuumwa, baba. Nilidanganya. Nilikuwa Igombe, naigiza filamu. Nilikuwa... maiti.

Pete ilikuwa imeshafika kwenye ukucha wa Kemilembe.

— Wazee wangu walitoka Buhongwa kukusubiri, kijana. Mke wangu aliamka alfajiri kupika.

— Nimekosa, baba. Nisamehe.

Kemilembe akasogeza sikio karibu na simu.

— Jumapili, baada ya ibada, njoo na wazee wako.

— Nitakuja, baba.

— Na uje ukiwa hai.

Simu ikakatika. Kemilembe alijaribu kuendelea kununa, mdomo ukamsaliti. Akairudisha pete mpaka mwisho wa kidole.

— Haya, turudi ndani. Nataka nione walivyokuzika.