Bomba Katika Ghala la Kahawa

Kila asubuhi Martine aliamka akikohoa, na ghala zima lilikohoa naye. Mvua ilikuwa ikinyesha Bunia karibu kila siku, na mvua ikinyesha akina mama walipikia ndani. Kila mmoja aliweka jiko lake la makaa mbele ya mkeka wake, na kati ya mkeka na mkeka kulining'inia maturubai yaliyokuwa kuta za vyumba. Zamani ghala lile la mtaa wa Saio lilijaa magunia ya kahawa. Mwaka ule wa vita lilijaa watu waliokimbia vijiji vya Djugu.

Martine alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Aliishi humo na bibi yake, Koko Madeleine, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu tena. Walikuwa wametoka kijiji cha Fataki, bibi akiwa amefungwa nyuma ya baiskeli kama mfuko wa muhogo, akilalamika njia nzima. Kwa kuwa walifika wakiwa wa mwisho, walipewa pembe ya mwisho. Nyuma yao kulikuwa na chumba cha mizani tu, kitupu, kinachovuja. Mlango wa ghala ulikuwa mmoja, na ulikuwa mbele kabisa.

Asubuhi Martine alimwosha koko uso, akakunja mkeka, akachota maji, akakoroga uji. Lakini alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyempa: kuchunga moto. Juma lililopita turubai la Mama Angèle, jirani yao, lilishika moto, naye Mama Angèle akalimwagia sufuria nzima ya maharage yaliyokuwa karibu kuiva. Moto ulizimika, watoto wake wakalala njaa, na watu wakacheka sana. Martine hakucheka. Alitazama mlango kule mbele, akamtazama koko, akayatazama maturubai yote yaliyokuwa katikati. Moto mkubwa ukija, koko hatatoka.

Alimwendea Papa Roger, mkubwa wa ghala.

"Papa Roger, ukataze batu kupika mu ndani."

"Bapike wapi? Mu mvua?"

"Basi tutoboe mulango ingine nyuma."

"Ile ukuta ni beton, haitoboke, mutoto. Tena hii depo haiko yetu. Enda kucheza."

Enda kucheza! Martine aliondoka akiwa amevimba kwa hasira. Mtu akileta wazo zuri anaambiwa akacheze, na mtu akimwaga maharage anasifiwa kwa ujasiri.

Ng'ambo ya barabara aliishi Mama Agathe. Kabla ya vita alikuwa injinia huko Kisangani, na kazi yake ilikuwa kuchora mabomba ya maji ya kuzima moto katika majengo makubwa kama viwanda na hoteli. Martine alipiga hodi kwake jioni ile ile.

"Mu kiwanda," Mama Agathe alimweleza, "tiyo ya maji inapita juu, karibu na dari. Ku ile tiyo kuko bichwa bidogo-bidogo. Kila kichwa iko na kachupa ka kioo. Joto ikipanda, kachupa kanapasuka, maji inamwangika pale-pale penye moto. Hata kama batu banalala, maji hailale."

"Tuweke hivyo kwetu!"

"Tutaipata wapi ile bichwa? Barabara zote zimefungwa."

"Sasa unanielezea ya nini?" Martine alifoka, kisha akaona haya. "Unisamehe, mama."

Mama Agathe alicheka. "Bichwa hatuna. Lakini tiyo ya plastiki iko hapa mujini, na maji tuko nayo. Mvua inaanguka juu ya mabati yenu kila siku, inaenda bure."

Akachukua kipande cha mfuko wa saruji, akachora. Nje ya ghala, juu ya kichanja cha mbao, mapipa yanayojazwa na mfereji wa bati. Karibu na mlango, robine moja, yaani koki, iliyopakwa rangi nyekundu. Kutoka hapo, mabomba ya plastiki yanayotundikwa juu ya kila mstari wa mikeka, yenye matundu kwa chini. Moto ukitokea, mtu anafungua robine na mvua inanyesha ndani ya nyumba.

"Lakini mbele ya yote," alisema Mama Agathe, "uende kwa kila familia, uwaelezee. Hatuweke kitu juu ya kichwa ya mutu bila yeye kukubali."

Hapo ndipo Martine alipoharibu. Familia zilikuwa nyingi, na kila mama angetaka kwanza kuuliza habari za koko. Akaona njia fupi. Yeye alikuwa hodari wa Kiswahili cha shule, na katika kitabu chake bomba ni kitu kinachopitisha maji. Akachukua kaa la moto lililopoa, akaandika ukutani, karibu na mlango, kwa herufi kubwa nzuri:

BOMBA LITAPITA JUU YA VICHWA VYENU JUMAMOSI.

Sasa, mjini Bunia kitu kinachopitisha maji kinaitwa tiyo. Bomba, katika mwaka ule, lilikuwa kitu kimoja tu, bomu, kile kinachotoka angani na kuua.

Mzee Anaclet, aliyelala karibu na mlango, alivaa miwani yake yenye mkono mmoja, akasoma kwa sauti. Akasoma tena, polepole. Kisha akapiga kelele. Kabla Martine hajafungua kinywa, ghala zima lilikuwa limesimama. Akina mama walinyakua watoto, masufuria yalipinduka, na wote wakaukimbilia ule mlango mmoja. Watu walibanana pale kama magunia. Bawaba ya mlango ilivunjika, na mama mmoja akaumia goti.

Martine alisukumwa hadi nje. Alipofaulu kurudi ndani, ghala lilikuwa tupu. Kule mwisho, katika pembe, Koko Madeleine alikuwa ameketi peke yake kwenye mkeka, amejifunika kichwa kwa kitenge, akisali. Martine alimkumbatia, akalia kwa uchungu na kwa aibu.

"Ni nani alikutuma kuandika vile?" Papa Roger alinguruma watu waliporudi.

"Iko Kiswahili muzuri! Iko mu buku!"

"Buku haikukimbia Fataki!"

Martine alitamani ardhi immeze. Mama Agathe, aliyekuja mbio aliposikia makelele, hakumgombeza. Aliitazama ile bawaba iliyovunjika.

"Papa Roger," alisema, "leo hata moshi haikukuwa. Umeona mulango? Umeona koko alibaki wapi?"

Papa Roger alikuwa amekwisha kuona. Mama Agathe alipomweleza mchoro wake, alisema kwamba mbao za kichanja atazitafuta yeye mwenyewe.

"Na weye," Mama Agathe alimgeukia Martine, "utafuta ile maandiko. Kisha utapita mukeka kwa mukeka."

Basi Martine akapita mkeka kwa mkeka. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kulima. Hawa wanauliza kama tiyo itaita radi. Wale wanataka ipite kwa jirani. Mama mmoja aliambiwa kwamba yale mapipa ni ya maji ya moto, akamtuma mwanawe na beseni kuomba ya kumwoshea mtoto, kisha akanuna kwa sababu yalikuwa baridi. Mabomba yalipotundikwa, watu walianika nguo juu yake. Mapipa yalipojaa, wengine walichota kufulia. Martine aligomba mpaka sauti ikamkauka, na kila alipogeuka aliona suruali nyingine inaning'inia.

Kazi ya kutoboa matundu alipewa yeye pia. Mama Agathe alimpa misumari miwili, mmoja mwembamba na mmoja mnene, ya kupasha moto kwenye makaa.

"Karibu na pipa, toboa na kadogo. Ukifika mbali, toboa na kakubwa. Maji ikiwa na nafasi ya kutoka karibu, haitafika mbali. Umesikia?"

Martine alisikia. Lakini siku ile alikuwa amechoka na watu, amechoka na nguo zao, na kubadilisha misumari kulichelewesha kazi. Akatumia ule mwembamba tangu mwanzo hadi mwisho. Tundu ni tundu, alijiambia.

Siku ya kujaribu, mikeka ilikunjwa na kila mtu akasimama kando. Papa Roger alifungua robine. Karibu na mlango maji yalimwagika vizuri, watoto wakaruka-ruka chini yake wakishangilia. Katikati yalimwagika kidogo. Martine alikimbia hadi pembe ya mwisho, akainua uso. Tone moja likaanguka kwenye paji la uso wake, na baada ya muda, jingine.

Koko alinyoosha kiganja. "Hii ni maji ya kuzima moto, ao ni ya kubatiza?"

Watu wakacheka. Mama Agathe alikuja, akatazama juu. "Ulitoboa na misumari yote mbili?"

Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni, tena lilikuwa linaaminika. Angesema kwamba watu wamechota maji ya mapipa, na nani angekataa? Wote walikuwa wamechota. Martine aliwatazama wakicheka, akawachukia kidogo. Kisha akakiona kile kiganja cha koko, bado kimenyooshwa, kikavu.

"Hapana, mama," alisema. "Nilitoboa na ule mudogo peke yake. Nilichoka."

Kicheko kilikoma. Mama Agathe aliinamisha kichwa. "Aksanti kwa kusema. Kama ungesema ni mapipa, ningeongeza mapipa, na koko angebaki na matone yake. Shusha tiyo."

Wakashusha mabomba yote ya nyuma. Martine alipasha msumari mnene, akatoboa upya, machozi ya hasira yakimchuruzika, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Mama Angèle alimwona, akaacha sufuria yake, akaja kumshikia bomba lisitikisike. Kesho yake hakuna suruali iliyoanikwa upande ule.

Walipojaribu tena, pembe ya mwisho ilipata maji sawasawa na mlangoni. Papa Roger akapiga marufuku kugusa mapipa, na watu wa kila mstari wakafundishwa kuifungua robine nyekundu.

Haikupita muda mrefu. Alasiri moja mvua ilipiga mabati kwa nguvu na majiko yote yalikuwa ndani. Mpira wa matambara wa watoto uligonga jiko la Mama Angèle, makaa yakaruka, na turubai lake likawaka hadi juu. Safari hii hakuwa na maharage.

"Moto!" Martine alipiga kelele. Alikuwa katikati ya ghala. "Fungula robine! Robine!"

Watu walianza kukimbilia mlangoni, yeye akakimbia kinyume chao. Kule mbele Mzee Anaclet aliizungusha robine kwa mikono miwili. Mabomba yalikoroma, yakatikisika, halafu mvua ikaanza kunyesha ndani. Ilinyesha mlangoni, ikanyesha katikati, ikanyesha nyuma kabisa. Turubai la Mama Angèle lilifuka moshi, likanywea. Ndimi za moto zilizokuwa zimefikia kamba ya turubai la koko zilizimika moja moja, na waliokuwa wakikimbia wakasimama, wameloa, wakageuka kutazama.

Katika pembe, Koko Madeleine alikuwa ameketi chini ya maji mengi, kitenge kimemganda kichwani.

"Munanilowesha!" alifoka. "Mukeka yangu! Funga ile kitu! Mutaniua na baridi!"

Martine alimkumbatia akiwa ameloa vile vile, akicheka na kulia pamoja. Hakuna aliyeumia. Turubai moja liliteketea, unga wa watu wengi ukaloa, na manung'uniko yakaanza palepale, jambo lililomfurahisha Martine kuliko nyimbo.

Jioni Mama Agathe aliketi naye karibu na makaa, wakikausha nguo.

"Mu kazi yetu," alisema, "mutu akichora maji ya nyumba kubwa, haanze karibu na pipa. Anaanza na tundu ya mbali kabisa, anauliza: ile itapata maji? Yule wa mwisho akipata, bote bamepata. Na maneno ni vile vile, mutoto yangu. Uliandika Kiswahili ya kukufurahisha weye, na batu bakakimbia. Ulitoboa vile ilikuwa mwepesi kwako, na koko akakauka. Lakini siku ulisema kweli, ndiyo siku tulianza kuzima huu moto. Fanya kazi ukifikiri juu ya mutu wa mwisho, na usijifiche kama umekosea."

Martine aliitikia kwa kichwa.

Siku chache baadaye Papa Roger aliingia na familia mpya iliyotoka kwa miguu Djugu, wameloa matope hadi magotini. Nafasi ilikuwa imekwisha. Aliwapeleka nyuma, wakaipita pembe ya Koko Madeleine, hadi kile chumba cha mizani kinachovuja. Baba wa familia alitazama juu, akaona bomba linaishia kwenye pembe ya koko.

"Ile ni nini?" aliuliza kwa wasiwasi.

"Ni tiyo ya maji, papa," Martine alijibu upesi. "Tiyo tu. Nitakuelezea."

Kisha akachukua kipande cha bomba kilichobaki, akauweka ule msumari mnene kwenye makaa. "Mbele ya yote mutuambie," alisema. "Kati yenu, nani atalala mbali kabisa?"