Meno ya Mbishi

Seti ile Fundi aliiacha imefumba. Kila jioni kabla ya kufunga karakana alizifumba seti zote za meno ya bandia rafuni, ya juu kwa ya chini, vumbi lisiingie. Asubuhi akakuta moja iko wazi, tena wazi hasa, kama mtu aliyekatizwa katikati ya maneno.

"Panya," akasema, akaifumba.

Panya gani huyo, jamani, wa kufunua mdomo wa plasta bila kuacha hata alama ya kucha? Lakini Fundi alikuwa na haraka ya kuweka santuri, na mtu akishakuwa na haraka ya starehe yake, utamwambia nini.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma nyumbani kwake. Madaktari wa meno walimletea vinywa vya wagonjwa vilivyochukuliwa kwa plasta, naye akavitengenezea meno: anapanga jino moja moja kwenye nta, anapika ufizi wa rangi ya waridi, anausugua mpaka unang'aa. Chumba cha mbele mkewe alisukia watu nywele. Kati yao palikuwa na pazia tu. Watu walimwita Msusi. Mumewe alimwita Bi Kitana, na akimwita hivyo mbele ya wateja, Msusi alijifanya amekasirika huku roho yake kwatu.

Ugonjwa wa Fundi ulikuwa roki nzito. Mimi muziki ule sijauelewa mpaka leo, sitadanganya. Ukinipigia nyimbo tatu nakutafutia maji ya kunywa, nikidhani unaumwa. Ila Fundi alikuwa nao tangu ujana, yeye na wenzake waliokuwa wakikutana kubishana juu ya albamu mpaka sauti zinakauka. Walikuwa na sheria yao. Mtu akishatoa maoni lazima amalizie kwa kusema, "Abishaye na ajitokeze!" Na akijitokeza mtu, hakuna kuondoka mpaka mmoja akubali kashindwa. Wenzake walioa, wakahama, wakaanza kupenda nyimbo za polepole. Akabaki yeye, na sheria yake, na rafu la vinywa vya plasta ambavyo havibishi.

"*Tanuri* ndiyo albamu," alikuwa akiviambia huku anakwangua nta. Albamu zake aliziita kwa picha za majalada yake. "Nyingine zote ni mazoezi. Sikilizeni gitaa linavyoingia, halipigi hodi! Sikilizeni mpiga ngoma anavyochelewa nusu ya pumzi. Uzito unatoka hapo. Halafu wakamfukuza mwimbaji, wakaleta yule mpiga mayowe, wakatoa *Mbwa Watatu*, dunia nzima ikashangilia. Kasi tupu! Kasi si uzito. Na *Daraja* msinitajie, pale walikuwa wameshazeeka. Abishaye na ajitokeze!"

"Mimi nabisha hiyo sauti, ipunguze!" Msusi alijibu nyuma ya pazia, na wateja wakacheka.

Basi ndivyo walivyoishi, kwa makelele na kwa kicheko.

Sasa ile seti iliyofunguka yenyewe. Plasta yake iliachwa mlangoni, haina jina la daktari wala la mgonjwa. Kilikuwa kinywa kisicho na jino hata moja, ufizi laini kama wa mtoto mchanga. Fundi alidhani mwenyewe atakuja. Akakitengenezea meno mazuri kuliko yote aliyowahi kupanga, akakifunga kwenye chuma chenye bawaba, cha kupimia taya zinavyofunguka na kufumba, akakiweka karibu na mashine ya santuri. Mwenyewe hakuja.

Mchana mmoja mvua ilikuwa inanyesha na Msusi alikuwa na mteja mmoja tu, kichwa kimesukwa nusu. Kule nyuma *Tanuri* ikafika mwisho, Fundi akatoa hotuba yake, akamalizia na abishaye na ajitokeze. Halafu mwanamke akacheka.

Kilikuwa kicheko cha chini, cha mtu aliyekaa kitako na kujilegeza. Mteja akageuza shingo.

"Shoga, mumeo ana mgeni?"

"Mgeni gani?" Msusi akasema, na kitana kikamponyoka. Mlango wa karakana ulikuwa mmoja tu, na njia yake ilipita hapo hapo walipokaa. Hakuna aliyepita. Chini ya pazia ikatoka harufu, chuma cha moto na maua yaliyolala majini, na juu ya harufu ile sauti ya mumewe, sauti ya furaha ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi: "Hee! Kumbe unabisha! Haya, tetea *Mbwa Watatu*, nakusikiliza!"

Moyo wa Msusi ukawaka. Hakuogopa, niwaambie kweli. Woga ulikuja baadaye. Alichohisi kwanza kilikuwa wivu. Akafunua pazia kwa nguvu. Fundi alikuwa peke yake, na kisu cha nta mkononi.

"Unaongea na nani?"

"Na santuri," akasema, akatazama pembeni.

Tangu siku hiyo Fundi akaanza kupungukiwa na maneno. Ndani ya karakana aliongea kama cherehani. Akivuka pazia, ulimi unamganda. Kwanza ikapotea asante ya chakula. Kisha habari za asubuhi. Siku moja alimtazama mkewe, akafungua mdomo kumwita, midomo ikahangaika kutafuta lile jina la Bi Kitana, halikuja. Akafumba.

"Amekukataza kuniita, siyo?" Msusi alisema, machozi yanamlenga. "Mwambie mimi ndiye niliyeolewa humu!"

Fundi akatikisa kichwa, akashika shavu. Jino la mbele lilikuwa halipo. Halikung'oka mbele ya mtu, halikutoa damu; pengo tu, safi, kama lilikuwepo siku zote. Siku zilizofuata likaongezeka pengo la pili, na la tatu.

Msusi akaamua kuona kwa macho yake. Alasiri moja alijifanya kaenda dukani, akarudi miguu mitupu, akalisogeza pazia kwa kidole. *Mbwa Watatu* ilikuwa inazunguka kwenye mashine. Fundi alikaa mbele ya ile seti kama mchumba aliyekuja kuposa, viwiko mezani, kidevu viganjani, na seti ilikuwa inafunguka na kufumba kwenye bawaba yake pasipo mkono wa mtu, ta, ta, ta, na kila ilipofunguka sauti ya mwanamke ilitoka mahali ambapo hapakuwa na koo wala kifua, ikisema taratibu kwamba mpiga ngoma wa *Tanuri* hachelewi kwa ustadi bali kwa uvivu, na Fundi anacheka mpaka mabega yanatikisika, cheko ambalo Msusi alilijua la kwake peke yake, halafu ndipo alipoona katikati ya yale meno meupe ya bandia meno mengine, ya manjano kidogo, moja limemeguka pembe kwa kufungulia chupa siku ya harusi yao, akayatambua, yalikuwa ya mumewe.

"Mwenye mume kaja," seti ikasema bila kugeuka. "Miaka yote umekaa nyuma ya pazia, hukumbishia hata mara moja. Mimi nimemsikiliza. Jino la mwisho likihamia kwangu, tunaondoka wote."

Msusi alikimbia mpaka kwa shangazi yake Fundi.

Shangazi huyo alikuwa anatoa majini, na alikuwa mkali kama pilipili. Aliwahi kulipiga jini kofi, wanasema, kwa sababu lilimkatiza akisimulia. Alifika, akasimama mlangoni, akanusa. Kisha akachomoa meno yake ya bandia, kazi ya huyo huyo Fundi, akayafunga kwenye kitambaa.

"Fiingii humo na meno ya kuafima," akasema. Mtu angecheka, lakini hakuna aliyecheka. Nami nitayaandika maneno yake yaliyobaki kama alivyotaka kuyasema, maana si adabu kumwiga shangazi wa mtu.

Ndani, alimtazama mpwa wake. Fundi alikuwa amebakiwa na magego mawili.

"Uliliita mwenyewe?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Ukaliambia nini?"

Msusi akajibu kwa niaba yake: abishaye na ajitokeze.

"Ala! Wewe mtoto huna akili!" Shangazi akapiga paja. "Jini la ubishi halitoki kwa ubani wala kwa kombe la maji ya dua. Limekuja kubishana. Litoke vipi na ubishi haujaisha? Kubali umeshindwa, liende zake. Sema *Mbwa Watatu* ni bora kuliko *Tanuri*. Basi. Neno moja."

Seti ikatulia, ikisubiri. 

Fundi akakohoa. Jasho likamtoka. Ndani ya karakana ulimi wake ulikuwa mwepesi, kwa hiyo hakuwa na kisingizio. "*Mbwa Watatu*," akaanza, "ni... ni albamu ambayo..." Akasimama. "Shangazi, ngoma yake haina uzito."

"Mume wangu!" Msusi akanong'ona. "Unakufa! Sema!"

"*Mbwa Watatu* ni bora," akasema haraka, kama anayemeza dawa.

Seti ikacheka. "Mdomo umesema, moyo umekataa. Namjua mwenzangu." Gego moja likatoweka kinywani mwa Fundi, na ta, likaonekana kule. Chupa za dawa rafuni zikaanza kugongana, vinywa vyote vya plasta vikafunuka kwa pamoja, harufu ya maua yaliyooza ikajaa mpaka Shangazi akashika ukuta, na Fundi, Mungu amsamehe, alikuwa bado anaitazama seti ile kwa jicho la mtu anayetafuta hoja ya kujibu.

Jicho hilo ndilo lililoliponza lile jini. Msusi aliliona, wivu ukampanda mpaka utosini, akapayuka:

"Wote wawili hamjui kitu! Albamu ni *Daraja*!"

Fundi akageuka.

"Ndiyo, *Daraja*! Unadhani nyuma ya pazia nina masikio ya mapambo? Upande wa pili, wimbo wa mwisho. Mpiga gitaa kidole kinateleza, anakosea, na kosa hawakulifuta. Anarudi kwenye wimbo taratibu, kama mtu aliyejikwaa mbele za watu. *Tanuri* wanajivuna. *Mbwa Watatu* wanakimbia. Kwenye *Daraja* wanaogopa, na wanapiga hivyo hivyo. Uzito ni huo, Fundi. Mwingine wote ni misuli!"

"Kukosea si ustadi!" Fundi akaruka.

"Nani kasema ustadi? Nimesema uzito!"

"Walikuwa wamezeeka, hawawezi hata..."

"Na wewe kijana?"

"Nisikilizeni mimi!" seti ikalia. "Mimi ndiye niliyejitokeza!" Hakuna aliyeijibu. Fundi alikuwa ameshavuta kiti karibu na mkewe, mikono inapepea, mate yanaruka kwenye mapengo, na akasema, kwa mara ya kwanza tangu lini, "Lakini Bi Kitana, hebu fikiri!" Seti ikagonga, ikagonga, bawaba ikatoa moshi, sauti ikapanda ikawa mluzi mwembamba, ikapita juu ya vichwa vyao na kutoka dirishani. Vinywa vya rafuni vikafumba.

Shangazi akafuta uso. "Jini la ubishi likikosa wa kubishana nalo, halikai. Hiyo seti chomeni leo leo. Ufizi, meno, chuma, vyote. Jino lililokaa kinywani mwa jini lisirudi kinywani mwa mtu. Mmenisikia?"

Wakasikia. Fundi ndiye aliyekwenda kuichoma, uani, akiwa peke yake.

Zilikuwa siku njema zile. Fundi aliongea kupita kiasi, akila uji kwa kijiko, na waliisikiliza *Daraja* pamoja, pazia limefungwa fundo juu. Msusi alikuwa na furaha ya aibu, furaha ya mtu aliyemnyang'anya mwenzake. Akajitengenezea Fundi meno mapya. Yalimkaa vizuri mno. Jioni ya kwanza alikula nyama, akatafuna, akafuta mdomo, akamtabasamia mkewe.

"Nimefikiri sana, Bi Kitana," akasema. "*Mbwa Watatu* ni bora kuliko *Tanuri*."

Alilisema kwa ulaini, kama anayeomba chumvi.

Msusi akaweka kijiko chini. Alitazama yale meno. La mbele, la kushoto, lilikuwa limemeguka pembe.

"Fundi. Uliichoma ile seti?"

"Ufizi niliuchoma. Chuma nilikichoma." Akapitisha ulimi juu ya meno. "Lakini meno ni yangu, mke wangu. Mtu anachomaje meno yake mwenyewe?"

"Yavue."

Fundi akaingiza vidole kinywani, akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili, kiti kikarudi nyuma, mishipa ya shingo ikamsimama. Hayakutoka. Ufizi wa waridi ulikuwa umeshashikana na wake, hapakuwa na mpaka. Akashusha mikono, akamtazama mkewe, machozi yakimtiririka mashavuni, naye Msusi akaona kwamba macho ya mumewe yanalia peke yake, maana mdomo ulikuwa unacheka, kicheko cha chini, cha mtu aliyekaa kitako na kujilegeza.