Mkokoteni Mmoja, Makufuli Mawili

Saa saba mchana, Majengo husinzia. Jua linasimama juu ya mabati, na hata kuku hutafuta kivuli wakatulia. Wakati huo Kenga hulala ndani ya mkokoteni. Miguu inaning'inia nje, kofia iko usoni, na mitungi mitupu ya maji imemzunguka. Usimwamshe. Amesukuma maji tangu alfajiri, na usingizi huo ni haki yake.

Hatua chache kutoka hapo, barazani, Mwikali humenya mihogo. Mkono unamenya, lakini akili iko ufukweni, Mama Ngina. Huko ana mahali pake padogo karibu na ukuta unaotazama bahari. Kila jioni hukaanga mihogo, akaitia chumvi, pilipili na ndimu. Watu hula huku wakitazama meli zikiingia bandarini. Mwikali naye huzitazama. Hajui zinatoka wapi, kwa hiyo huzipakia mizigo ya kuwaza. Hii imebeba vioo. Ile imebeba mvua ya nchi za mbali.

Wawili hawa ni wapangaji wa nyumba moja. Nyumba ni ya Bi Mwanakuu. Ina vyumba sita na ukumbi mmoja mrefu katikati. Kenga alitoka upande wa Kaloleni na familia yake, na wapangaji wenzake humwita Baba Sidi. Mwikali alitoka Ukambani zamani. Yeye huitwa Mama Ken.

Mkokoteni ni wao wote wawili. Waliununua pamoja, nusu kwa nusu. Siku ile walipeana mikono ukumbini.

"Asubuhi wako, Baba Sidi. Alasiri wangu," alisema Mwikali.

"Basi, yamekwisha," alijibu Kenga. "Sisi ni majirani, Mama Ken. Karatasi ya nini?"

Mapatano yao yaliishia hapo. Yalikuwa mafupi na matamu, na kwa miezi minane hayakumkera mtu.

Kisha mwezi wa Ramadhani ukaandama.

Mombasa ya Ramadhani si Mombasa ya siku zote. Asubuhi mitaa inalala. Alasiri inaamka, na kila jiko linataka maji kwa ajili ya futari. Wateja wa Kenga hawakumwita tena asubuhi. Walimwita saa nane na saa tisa.

"Kenga, maji! Kenga, mbaazi ziko motoni!"

Angekataaje?

Mwikali akawa anangoja barazani. Karai liko tayari, makaa yako tayari, mihogo imelala ndani ya beseni, na hakuna cha kuvipeleka Mama Ngina. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Kenga alirudi jua likizama.

"Baba Sidi, si tulisema alasiri ni yangu?"

"Mama Ken, watu wanapika futari. Niwaambie wangoje hadi kesho?"

"Na mimi je?"

Kenga alifuta jasho, akaingia ndani.

Mwikali alikuwa na hofu kubwa. Kule Mama Ngina wauzaji wana kikundi chao, na mwenyekiti ni Kingi. Kila siku saa kumi Kingi hupita, akaangalia nani yuko mahali pake. Mtu akikosekana siku tatu katika mwezi, bila kutoa habari, nafasi yake hupewa mwingine. Wanaoitaka ni wengi. Mwikali mwenyewe aliingoja miaka miwili. Sasa alikuwa amekosa siku mbili.

Siku ya tatu Kenga alijua kwamba amechelewa tena. Ili asirudie safari, alipakia mitungi kumi na minane badala ya kumi na miwili. Akawa anakimbia. Mkokoteni ukaingia shimoni, na chuma kinachoshika magurudumu kikapinda. Kenga aliurudisha nyumbani ukienda upande. Aliuacha ukumbini, akaondoka kimya. Hakumwambia mtu. Mwikali aliukuta hivyo.

Jioni ile Kingi alimpigia simu.

"Mama Ken, siku tatu zimetimia. Nimekuombea kwa wenzangu, wamekubali kukungoja mpaka Idi, mara moja tu. Idi Mosi uwe mahali pako kabla ya saa saba mchana. Usipoonekana, sina la kukusaidia."

Mwikali alilia kwa uchungu na kwa hasira. Asubuhi alimwita fundi wa kuchomelea, chuma kikanyooka. Kisha alinunua mnyororo na kufuli, akafunga gurudumu moja.

"Sasa tuone nani atauchukua," alisema.

Kenga alipouona mnyororo ule, naye alikwenda dukani. Alirudi na mnyororo wake, mnene zaidi. Akafunga gurudumu la pili.

Basi mkokoteni ukalala ukumbini bila kosa lolote. Maji hayakwenda kwa wateja. Mihogo haikwenda Mama Ngina. Majirani waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi sasa walipishana mlangoni kila mtu akitazama ukuta.

Aliyeumia kwanza ni Trizah. Trizah anapanga chumba cha mbele. Hufanya kazi bandarini, katika ofisi inayopanga zamu za meli. Alikuwa anarudi kutoka kazini, na ukumbini hamna mwanga mwingi. Goti lake likagonga ubao wa mkokoteni.

"Mama yangu! Nyumba hii imekuwa jela?" alilia.

Bi Mwanakuu alimjibu kutoka chumbani kwake. "Sikwambii, mwanangu! Wafungwa wawili, na funguo wanazo wenyewe."

Trizah alimsikiliza Mwikali. Kisha alimsikiliza Kenga. Hakumlaumu yeyote kati yao. Alisema tu, "Jumapili alasiri twendeni Mama Ngina, sote watatu. Tukapigwe na upepo."

Jumapili walikwenda, wakaketi ukutani. Trizah alikaa katikati. Kenga alikuwa amebeba maji miaka kumi, lakini hakuwahi kukaa akayatazama maji tu. Bahari ilikuwa imetulia. Upepo ulikuwa mwanana, nao watu wachache waliokuwapo walizungumza polepole, kana kwamba hawataki kuiamsha siku. Mbali kidogo, nje ya mlango wa bandari, meli nne zilikuwa zimesimama kama ng'ombe wanaongoja kunyweshwa.

"Mbona haziingii?" Kenga aliuliza.

"Zinangoja zamu," Trizah alijibu. "Mlango ni mwembamba, na ndani nafasi ni chache."

"Nani ameziambia zingoje?"

"Zilikubali kabla ya kufika. Kila meli husema kwanza haja yake. Imebeba nini? Inataka kushusha kwa siku ngapi? Tukishajua haja, ndipo tunapanga saa. Hatuanzi na saa, Baba Sidi."

"Na meli ikichelewa?" Mwikali aliuliza.

"Inatoa habari mapema, na tunajua nani ataingia badala yake. Injini ikiharibika, tunajua nani ataivuta. Wakigombana, tunajua nani ataamua. Hayo yote husemwa wakati hakuna tatizo." Trizah akawatazama mmoja mmoja. "Nyinyi mlipatana juu ya siku njema tu. Siku njema hujiendea yenyewe. Mapatano ni ya siku mbaya."

Meli ya kwanza ilianza kusogea, taratibu sana, hata hujui imeondoka saa ngapi.

"Haya," Trizah alisema. "Kila mmoja aseme haja yake. Mwenzake asimkatize."

Kenga alianza. "Ramadhani haja yangu ni saa nane mpaka karibu na magharibi. Asubuhi sina kazi. Nalala tu."

Mwikali akacheka kidogo, kwa haya. "Kusema kweli, Ramadhani wateja wangu huja baada ya futari. Saa tisa hapa tuko mimi na upepo. Nakimbia ili Kingi anione tu."

"Kingi anataka kuuona mkokoteni?" Trizah aliuliza.

"La. Anataka kuniona mimi."

"Ulimwambia kwamba wateja huja baadaye?"

"Sikumwambia."

Kenga alimgeukia. "Kumbe huuhitaji mpaka magharibi!"

"Na wewe kumbe asubuhi unalala!" Mwikali alisema. "Nami asubuhi nabeba gunia la mihogo kichwani kutoka sokoni. Shingo imekwisha!"

Walitazamana. Walikuwa wamenuniana wiki nzima, wamefungiana minyororo, na kumbe saa zao hazikugongana hata kidogo. Mwikali alijisikia mjinga, lakini moyo wake ulikuwa mwepesi.

Kenga aliinamisha kichwa. "Na siku ile, Mama Ken, nilizidisha mitungi. Ndiyo maana chuma kilipinda. Niliona haya kukwambia. Nisamehe."

"Ungeniambia, ningekasirika siku moja," alisema Mwikali. "Hukuniambia, nikakasirika wiki."

Trizah alitoa karatasi na kalamu. Waliandika kwa maneno yao wenyewe. Siku za kawaida zilibaki kama zamani, na kila zamu ikawekewa saa yake ya kuanza na ya kwisha. Ramadhani, asubuhi ni ya Mwikali kwa kwenda sokoni. Saa nane ni ya Kenga. Magharibi mkokoteni unarudi kwa Mwikali. Mitungi isizidi kumi na miwili. Kitu kikichakaa, wote wawili watakitengeneza. Kikiharibika katika zamu ya mtu, atamwambia mwenzake saa ileile, na atahakikisha mzigo wa mwenzake unafika. Wakikosana, Bi Mwanakuu atawasikiliza wote wawili pamoja. Kila baada ya miezi mitatu watakaa tena, kwa sababu siku hubadilika.

"Na Idi Mosi?" Mwikali aliuliza.

"Baba Sidi mpaka saa nne asubuhi, kisha wewe," alisema Trizah, akaandika.

Kenga aliichukua karatasi. Aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kidole kilisimama.

"Hapa pananibana," alisema. "Idi watu wanapika pilau. Saa nne bado wananiita."

"Usitie sahihi jambo linalokubana," alisema Trizah. "Mama Ken, saa tano itakuharibia?"

Mwikali alihesabu kwa vidole. "Saa tano nitawahi. Lakini isipite hapo."

"Isipite hapo," Kenga alirudia.

Trizah alifuta saa nne, akaandika saa tano. Wote wawili wakatia sahihi. Jioni ile Mwikali alizungumza na Kingi juu ya saa za Ramadhani. Kingi alishangaa. "Mama Ken, mbona hukusema tangu mwanzo? Njoo baada ya futari. Lakini ahadi ya Idi iko palepale." Nyumbani makufuli yalifunguliwa. Bi Mwanakuu aliyachukua yote mawili, na moja akafungia kabati alimoiweka karatasi.

Idi Mosi ikafika. Watoto wa Majengo walitoka na nguo mpya, wakanukia udi. Mwikali alikuwa barazani tangu saa nne, mizigo yake imepangwa. Saa tano kasoro alimwona Kenga. Alikuwa anakimbia, na hakuwa na mkokoteni.

Mwikali aliiona nafasi yake ikienda.

"Mama Ken!" Kenga alisema akihema. "Tairi limepasuka, kule chini, karibu na msikiti. Nimekuja kukwambia kabla hujaniuliza."

"Sasa itakuwaje?"

"Imeandikwa itakavyokuwa. Nimekodi tuktuk, inakuja nyuma yangu. Nipe karai."

Kenga alipakia karai, jiko, makaa na meza. Beseni la mihogo alilipakata mwenyewe. Mji mzima ulikuwa unakwenda Mama Ngina, na njia zilikuwa zimejaa. Tuktuk ilisogea, ikasimama, ikasogea. Mwikali alifumba macho. Alipoyafumbua, aliuona ukuta, na nyuma yake bahari.

Kingi alitazama saa yake. Ilikuwa saa saba kasoro robo.

"Idi njema, Mama Ken," alisema, akapita.

Kenga alirudi Majengo kuziba tairi. Saa kumi na moja jioni alikuja tena Mama Ngina, akiusukuma mkokoteni, ili Mwikali apate wa kurudishia vyombo. Watu walikuwa tele. Mafuta yalikuwa yakilia karaini, na mikono ya wateja ilikuwa mingi kuliko mihogo. Mwikali alimtengea sahani. Kenga alipanda ndani ya mkokoteni, akala vipande viwili, na cha tatu kikabaki mkononi. Alikuwa hajapumzika tangu alfajiri.

Meli kubwa ilikuwa inaingia kwa zamu yake. Watoto waliipungia mikono. Mwikali aliitazama, akaipakia mzigo wa kuwaza, kisha akamtazama jirani yake. Kofia ilikuwa usoni, na miguu ilining'inia nje.

"Hii ni zamu ya nani?" Kenga aliuliza chini ya kofia, sauti imejaa usingizi.

"Yangu," alisema Mwikali.

Kenga akataka kuinuka.

"Lala, Baba Sidi," alisema Mwikali. "Nimekupa."