Uwanja wa Auji Ni wa Nani?

Milka Apiyo aliuza omena, dagaa wa ziwani, pale Nyamasaria, kando ya barabara ya Nairobi. Omena wake walitoka Usenge kila Alhamisi, na ikifika Jumamosi saa nne asubuhi gunia lilikuwa limebaki na wa chini tu. Alipima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na hakuwa na mkono wa birika. Akijaza, alijaza mpaka wanamwagika. Mumewe, Walter Ogola, alimwambia kila siku kwamba atakufa maskini. Milka alimjibu kwamba wateja hawamkimbii, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya ndoa.

Jumamosi moja ya mwaka wa 1988, Milka alifunga biashara mapema. Timu yao, Auji Rangers, ilikuwa na mechi saa tisa dhidi ya vijana wa Asembo Bay. Yeye alikuwa na kazi yake uwanjani, kazi ya kufagia jukwaa.

Jukwaa lile, tuseme ukweli, lilikuwa la akina mama. Wanawake thelathini na wanne wauza samaki walichanga kwa miaka miwili. Wakatoa shilingi elfu ishirini na mbili. Kwa pesa hizo timu ikajenga jukwaa la saruji lenye paa la mabati. Mtu akitaka kukaa kivulini aliongeza shilingi mbili, na hizo mbili zilikuwa za akina mama. Nani aliwashawishi watoe akiba yao? Milka mwenyewe. Alisimama mbele yao akasema pesa yao haitapotea, nao wakamwamini.

Alipofika langoni alikuta mnyororo mpya, na kufuli kubwa juu yake. Kando yake palikuwa na kibao cheupe. Milka alikuwa amesoma ngumbaru mwaka mmoja na nusu tu. Kwa hivyo alisoma polepole, neno kwa neno, ufagio mkononi:

MALI YA KIBINAFSI. KIWANJA KINAUZWA. USIINGIE.

Akasoma tena kuanzia mwanzo, akidhani amekosea. Hakuwa amekosea. Akaketi pale pale kwenye vumbi na nguo yake nzuri. Aliwaona wale wanawake thelathini na wanne mbele ya macho yake, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Watu wakaanza kujaa. Mzee Obiero, mwenyekiti wa timu, akafika na koti lake la mifuko minne. Mifuko hiyo ndiyo iliyokuwa benki ya Auji Rangers. Kiingilio chote kiliingia humo, na kilichotoka alikijua yeye na Mungu wake. Obiero hakuwa mwizi, msinielewe vibaya. Alikuwa mtu wa kuamini kichwa chake kuliko karatasi.

Mzee alikiangalia kibao, akacheka. Akawakumbusha watu jinsi alivyokuja hapo alfajiri mwaka wa sabini na tisa. Alikuja na mkewe, na mwanawe wa kwanza, na jogoo, shoka na moto, kama mwanamume anayeanzisha boma lake. Wakasimamisha kijumba siku hiyo hiyo, pale nyuma ya goli. Mjaluo akishafanya hivyo, hapo ni dala, ni nyumbani. Nani atamfukuza mtu nyumbani kwake?

Watu wakapiga makofi. Lakini ndani ya lango alisimama mlinzi aliyevaa sare ya kampuni moja ya pamba, naye hakufungua. Alisema kwa upole kwamba ametumwa tu.

Basi mechi ikahamishiwa uwanja wa mjini. Wachezaji walipanda lori, mashabiki wakatembea kwa miguu. Auji Rangers walishinda bao moja kwa bila. Furaha ilidumu mpaka wakati wa kugawana kiingilio. Kati ya kila shilingi kumi zilizokusanywa, mbili zilikatwa za uwanja kabla timu haijagusa kitu. Kisha wakalipwa waamuzi. Kisha lori. Zilizobaki hazikutosha hata chakula cha wachezaji. Mzee Obiero alibaki ameshika noti chache.

"Kwani uwanja si wa mpira?" aliuliza.

Kesho yake, baada ya kanisa, Milka na Walter walimpeleka mzee kwa jirani yao, Nasambu. Nasambu alikuwa mama wa kutoka Bungoma, karani katika ofisi ya wakili mjini. Aliwapa chai, akasikiliza habari yote bila kumkatiza mtu. Alipofikia yule jogoo, mzee alieleza kwa urefu sana, mpaka chai ikapoa.

"Mzee, mimi si Mjaluo," Nasambu akasema. "Naomba nifunzwe. Mtu anapokwenda kuanzisha boma, anakwenda popote tu anapopenda?"

"Hapana. Baba yake ndiye anamwonyesha mahali. Baba anatangulia."

"Na wewe siku ile, nani alitangulia?"

Mzee Obiero akakiweka kikombe chini. Mila yenyewe ilikuwa imeuliza swali hilo tangu zamani za mababu, na wao wakaliruka kwa sababu walitaka uwanja.

Nasambu hakumcheka. Aliwaeleza taratibu.

"Timu ni watu. Uwanja ni ardhi. Hivyo ni vitu viwili, na mara nyingi vina wenyewe wawili. Hata timu kubwa mnazozisikia kwenye redio, nyingi hazina uwanja wao. Wanacheza kwa mwenye uwanja, wanamlipa, kisha wanarudi nyumbani."

"Lakini tumecheza pale miaka tisa," Milka akasema.

"Mpangaji anaweza kulala chumbani miaka tisa, Milka. Chumba hakiwi chake."

Jumatatu Nasambu akawapeleka ofisi ya ardhi. Walitaja nambari ya kiwanja, wakalipa ada ndogo, wakapewa karatasi. Milka aliisoma mwenyewe. Mwenye ardhi alikuwa kampuni ya pamba, tangu kabla ya Uhuru. Auji Rangers haikutajwa popote. Karatasi hiyo moja ilikuwa ya bei ya gorogoro chache za omena, na kwa miaka tisa hakuna aliyekwenda kuiomba.

"Basi tung'oe jukwaa letu," Walter akasema. "Waende na nyasi zao."

Hapo Nasambu akawapa habari iliyomkata Milka maini. Kitu kilichojengwa kwa saruji juu ya ardhi ya mtu, bila maandishi, huhesabiwa pamoja na ardhi. Kampuni ikiuza kiwanja, inauza na jukwaa. Mnunuzi akitaka kulibomoa, atalibomoa.

Milka hakusikia kilichosemwa baada ya hapo. Alirudi Nyamasaria, akawaita akina mama, akawaambia yote bila kuficha. Hakumlaumu Obiero. Alisema yeye ndiye aliyewaomba pesa, na yeye ndiye ambaye hakuuliza. Beldina, mkubwa wao kwa umri, akanyanyuka akijishikilia magoti.

"Milka," alisema, "mimi nilitoa pesa ya paa la nyumba yangu."

Akaenda zake. Milka alitamani atukanwe. Matusi angeyaweza.

Siku tatu hakupeleka omena sokoni. Siku ya nne Nasambu akamjia, akamuuliza kama alihifadhi risiti za saruji na mabati. Milka akavuta kopo chini ya kitanda. Risiti zote zilikuwemo, maana mwalimu wa ngumbaru aliwafundisha kusoma kwa kutumia risiti za dukani. Za Mzee Obiero zilikuwa wapi? Kichwani mwake.

Nasambu akaandika barua. Wiki iliyofuata, yeye, Milka na mzee wakaketi mbele ya meneja wa kampuni ya pamba. Meneja alikuwa mtu wa hesabu. Kiwanja hakikuwa kimepata mnunuzi. Tena pasipo na mtu, wezi wangeng'oa mabati katika wiki moja. Aliposoma risiti, alikohoa kidogo. Hakujua kama jukwaa liligharimu kiasi hicho.

Walikubaliana hivi. Auji Rangers wakodishe uwanja miaka mitano. Gharama ya jukwaa ihesabiwe kuwa kodi ya miaka miwili ya kwanza. Kwa hiyo miaka hiyo miwili, pesa ambazo zingelipwa kodi zingewarudia akina mama kidogo kidogo. Mzee Obiero alitaka kutia sahihi papo hapo, kabla meneja hajabadili nia.

"Ngoja kwanza, mzee," Milka akasema. "Dada Nasambu, tusomee kwa Kiswahili. Yote."

Nasambu akafasiri mstari kwa mstari. Kipengele cha tisa kilisema mpangaji atatoka akipewa notisi ya siku saba.

"Siku saba?" Milka akauliza. "Basi hiyo miaka mitano ni ya nini?"

Meneja akasema ni maneno ya kawaida tu, yako kwenye mikataba yote. Milka akasema kama ni ya kawaida tu, basi hayatamwuma yakifutwa. Meneja akachukua kalamu, akayafuta, na kila mmoja akatia sahihi yake pembeni.

Nasambu hakuridhika bado. Aliwaambia mkataba wa kuwekwa kabatini hauna nguvu sana. Huu lazima uandikishwe ofisi ya ardhi, ukae pamoja na hati ya kiwanja. Hapo hata kampuni ikiuza kesho, mnunuzi ananunua pamoja na wapangaji wake. Wakauandikisha.

Na koti la Mzee Obiero? Lilistaafu. Timu ilifungua akaunti ya benki, na hakuna pesa iliyotoka bila sahihi za watu watatu. Kila baada ya mechi kiingilio kilihesabiwa hadharani. Fungu la uwanja lilitengwa kwanza, kisha la waamuzi, kisha la timu, na hesabu ikabandikwa langoni kila mtu aisome. Mzee alinung'unika mwezi mzima. Halafu akagundua kwamba sasa hakuna mtu anayemsengenya, akaanza kuibandika yeye mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka wa tisini, Beldina akaezeka nyumba yake.

Mwaka wa 1991, Jumamosi moja, gari jeupe lilisimama langoni wakati watu wanaingia. Akashuka bwana mmoja wa suti, na nyuma yake vijana wawili wenye tepu ya kupimia. Akasema amenunua kiwanja hiki kutoka kwa kampuni ya pamba, na anataka watu wote watoke.

Milka alikuwa mezani akikata tiketi. Akatoa nakala ya mkataba wenye muhuri wa ofisi ya ardhi. Yule bwana aliusoma. Akaurudia. Uso ukambadilika, ukawa kama wa mtu aliyekuta mlango mahali alipodhani ni ukuta.

"Hakuna aliyeniambia," alisema.

"Ofisi ya ardhi wangekuambia," Milka akajibu. "Kwa ada ndogo tu."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Kodi yako utaipata benki tarehe tano, kama ilivyoandikwa hapo. Leo kiingilio ni shilingi kumi, bwana, na wenzako nyuma wanangoja."

Yule bwana akageuka, akaona foleni. Akatia mkono mfukoni, akatoa kumi.